Ukimlipa aliyemkamata, umemwokoa nani?

Wanaoendesha vituo vya kuokoa wanyama hulaumiwa kwa mengi, lakini lawama inayowauma zaidi ni kwamba wana roho ngumu. Mtu mwema anapiga simu kueleza kuwa amemwona kasuku wa kijivu, au mtoto wa tumbili, akiuzwa ndani ya kizimba ambamo hawezi hata kujigeuza. Bei si ya kutisha, na mpiga simu yuko radhi kuchangia nusu. Anajibiwa kwamba kituo hakinunui wanyama. Anakata simu kwa hasira, kisha anawasimulia wengine kuwa watu wale huruma yao ni ya kwenye mabango tu.

Hasira hiyo naielewa, na upande wake una hoja za kweli. Mnyama aliye mbele yako ana njaa leo. Hawezi kungoja sheria itekelezwe wala watu wabadilike. Nchi nyingi zina sheria nzuri za wanyamapori ambazo hazijawahi kumfikia muuzaji hata mmoja wa barabarani. Asiponunuliwa na mwenye huruma atanunuliwa na asiye nayo, au atafia palepale. Anayefikiria hivyo si mjinga, na ni makosa kumjibu kwa dharau.

Hoja nzito kuliko zote za upande huo nimeikuta kwa waokoaji wa mbwa wa Marekani. Huko wafugaji wa kibiashara huwapeleka mnadani mbwa wasiowahitaji tena, wakiwemo majike waliozalishwa mfululizo miaka nenda miaka rudi. Waokoaji wanaokwenda kwenye minada hiyo husema kila jike wanayemnunua hatazaa tena kizimbani. Kwa jike huyo mmoja, hilo ni kweli kabisa.

Sasa tazama jumla yake. Mwaka 2018 gazeti la Washington Post lilichapisha uchunguzi kuhusu minada miwili ya mbwa katika jimbo la Missouri. Ilibainika kwamba watu wa vikundi 86 vya uokoaji na utetezi wa wanyama, vya Marekani na Kanada, walikuwa wametumia dola milioni 2.68 kununua mbwa 5,761 tangu mwaka 2009. Gawanya mwenyewe: ni wastani wa dola 465 hivi kwa kila mbwa, na pesa hizo zimekwenda mikononi mwa sekta ileile ambayo vikundi hivyo huipinga hadharani.

Takwimu hii imenikaa kichwani kwa sababu ya namna mnada unavyofanya kazi. Mfugaji anayemtaka jike kwa ajili ya kuzalisha ana kikomo: akilipa kuliko faida atakayoipata kwa watoto wake, amekula hasara, kwa hiyo bei ikifika mahali anaacha. Mwokoaji hatafuti faida. Ana michango mfukoni na macho ya mbwa yanamtazama, na pengine waliochanga wanasubiri habari njema. Wakikutana waokoaji wawili wenye nia ileile, wanapandishiana dau wenyewe kwa wenyewe. Jike mzee, ambaye kwa mfugaji angekuwa mzigo wa kulisha na kutibu, anageuka kuwa mapato ya mwisho. Pesa ikishaingia haiulizwi ilitoka kwa nani wala kwa nia gani. Inaweza kununua jike mdogo wa kuziba nafasi hiyohiyo. Na wakati huohuo, katika nchi hiyohiyo, vituo vinavyopokea mbwa na paka wasio na kwao huwaua laki kadhaa kila mwaka, wengi kwa kukosa nafasi na watu wa kuwachukua. Mchangiaji akisikia mbwa "ameokolewa", mawazo yake humwendea huyo aliyetelekezwa. Haji kudhani ni mbwa aliyeshindaniwa mnadani.

Kwa wanyama wa porini hesabu hii ina damu. Mtoto wa sokwe mtu hunyonya kwa takriban miaka minne hadi mitano, na muda mwingi wa utoto wake yuko juu ya mwili wa mama. Hakuna njia ya upole ya kumchukua. Mama huuawa, na mara nyingi na wengine waliojaribu kumtetea. Anayemlipa muuzaji sokoni anarudisha gharama za msako huo na kumpa mtaji wa msako unaofuata, hata kama nia yake ni safi kama maji ya chemchemi.

Marehemu Jane Goodall, mtafiti mashuhuri wa sokwe mtu, aliwahi kusimama mahali hapo hasa. Mwaka 1990, sokoni Kinshasa, alimkuta mtoto wa sokwe mtu amefungwa kamba juu ya kizimba kidogo cha waya, juani, mnyonge hata kuinua kichwa ni kazi. Alijua maisha yanayowangoja watoto kama yule, na bado hakununua. Alitafuta msaada wa balozi wa Marekani, ambaye alizungumza na waziri wa mazingira wa Zaire ya wakati ule, na mtoto yule akachukuliwa mbele ya polisi, kamba ikakatwa, muuzaji hakuambulia kitu. Watakaosema si kila mtu anaweza kumfikia balozi wana haki ya kusema hivyo. Ila angalia tofauti ya matokeo: mnyama ametoka, na aliyebaki sokoni amejifunza kwamba bidhaa hii ina hasara.

Kumtoa sokoni, kwa vyovyote vile, ni kipande kidogo cha kazi. Sokwe mtu huambukizana magonjwa na binadamu, hivyo mgeni hukaa karantini, kwa kawaida miezi mitatu, akipimwa kifua kikuu na homa ya ini. Kisha anatafutiwa kundi litakalomkubali, maana kukosea hapo ni vita na vifo. Baada ya hapo atahitaji chakula, uzio, daktari na watunzaji kwa miaka 50 au zaidi. Kituo kinachosema "ndiyo" kwa mtoto wa mwaka mmoja kinatoa ahadi ambayo wengi wa walioitoa hawataishi kuimaliza. Ndiyo sababu majike wazima katika vituo makini huwekwa njiti za kuzuia mimba, jambo linalowashangaza wageni. Kila mtoto anayezaliwa ndani anakalia nafasi ya yatima aliye nje.

Tembo nao wana yao. Ndama yatima katika kitalu cha Sheldrick jijini Nairobi hupewa maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, na mlezi hulala naye banda moja. Walezi hupokezana zamu za usiku, na chanzo chake kinasikitisha. Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa kitalu hicho, alimlea ndama aitwaye Aisha peke yake. Aliposafiri kwenda harusi ya binti yake, ndama akaacha kula mpaka akafa. Tangu hapo mapenzi ya mlezi mmoja yanaogopwa kama ugonjwa. Ndama akikua huhamishiwa Tsavo au Kibwezi kuzoea tembo wa porini, na safari hiyo huweza kuchukua miaka kumi.

Wengine hawarudi porini kamwe. Wauzaji wa loris, jamaa wa komba anayepatikana Asia, humkata meno kwa kikatio cha kucha ili asimwume mteja. Kasuku hukatwa manyoya ya mabawa, na hawezi kuruka mpaka yaote mapya. Yote haya hufanywa kwa ajili ya mnunuzi, na mnunuzi mwenye huruma anahesabiwa humo.

Kuna bei nyingine siku hizi nayo ni watazamaji. Mtoto wa paka anawekwa karibu na chatu, kamera inawashwa, shujaa anatokea. Machi 2021 YouTube ilitangaza kupiga marufuku video za uokoaji wa kuigiza kama huo.

Je, malipo ni haramu daima? Hapa msimamo mkali unayumba, na inafaa kukiri. Kule India, jamii ya Kalandar iliishi kwa karne nyingi kwa kuchezesha dubu, kamba ikiwa imepitishwa kwenye tundu lililotobolewa puani. Sheria ya mwaka 1972 ilikataza, lakini dubu waliendelea kucheza. Shirika la Wildlife SOS na washirika wake waliwapa wachezesha dubu mtaji wa kuanzia kazi nyingine, watoto wakapelekwa shule, na kila familia ikasaini kutorudia. Zaidi ya dubu 600 walisalimishwa. Wa mwisho, mwaka 2009. Pesa ilitoka, ndiyo. Ila ilitoka mara moja kwa kila familia, ikamwondoa mtu kwenye biashara badala ya kumwacha na kizimba kitupu cha kujaza tena. Muuzaji wa sokoni anayekabidhiwa noti mkononi hakusaini chochote.

Kwa hiyo nasimama na vituo vinavyokataa kununua, kwa sharti moja linalowahusu wao. Wasiishie kwenye "hatununui". Wachukue mahali, siku, picha na idadi ya wanyama, wazifikishe taarifa hizo kwa mamlaka ya wanyamapori, na wamrudie aliyepiga simu kumweleza kilichofanyika. Mara nyingi watajibiwa kwamba mnyama akichukuliwa hakuna pa kumpeleka, na jibu hilo si la uongo: maofisa wengi huacha kukamata kwa sababu hiyo hiyo. Tchimpounga, kituo kilichofunguliwa nchini Kongo-Brazzaville mwaka 1992 na taasisi ya Goodall, kiliwapa maofisa mahali pa kuwapeleka sokwe wanaowakamata. Nusu ya bei ambayo mtu yuko tayari kumpa muuzaji ingefaa zaidi kwenye uzio wa mahali kama hapo, na kwenye mshahara wa mlezi wa mwaka wa kumi na tano, ambao wafadhili hawapendi kuulipia.