Sanda za Paracas: hoja iliyosahaulika

Rasi ya Paracas, kusini mwa Lima, mji mkuu wa Peru, ni jangwa ambalo karibu halijui mvua. Ndiyo maana nguo walizozikwa nazo watu wake miaka 2,000 hivi iliyopita hazijapoteza wekundu wake. Mwaka 1927 mwanaakiolojia wa Peru Julio C. Tello na wenzake walianza kufukua makaburi ya Wari Kayan, wakatoa mafurushi 429 ya maiti. Mtu ameketishwa magoti kifuani, kisha akafungwa nguo juu ya nguo: pamba ya pwani, imetariziwa kwa sufu ya alpaka na wanyama wa jamii yake kutoka milimani. Sisi sanda yetu ni nyeupe, haina hata pindo. Yao imejaa viumbe wanaoruka, wamevaa vipini vya pua vyenye umbo la sharubu za paka, na vipini vya namna hiyo, vya dhahabu halisi, vimefukuliwa pia.

Tello alipopoteza cheo chake cha kuongoza jumba la makumbusho mwaka 1930, wezi wa makaburi wakaingia. Balozi mdogo wa Uswidi akapeleka shehena ya nguo hizo kwao, mjini Göteborg, na Peru ilipozidai mwaka 2009, mabishano yakaanza. Waliotaka zibaki walisema uzi umechoka, mtikisiko wa safari utaumaliza. Wengi waliona hicho ni kisingizio. Mimi sikubaliani nao. Uzi wa umri huo huweza kukatika kwa kuguswa tu. Peru nayo ilikuwa na sheria ya mwaka 1929 iliyofanya mali za kale kuwa za taifa, hivyo wizi ulikuwa wizi tangu siku ya kwanza. Mwaka 2014 wakakubaliana: nguo 89 zirudi kwa awamu hadi 2021, na 4 zikatangulia.

Kwangu, hoja nzito kuliko zote haikupewa nafasi. Nguo iliyoibwa haijulikani ilimfunika nani, wala ililala na pambo gani. Hilo halirudishwi na ndege yoyote. Ila Lima ndiko yaliko mafurushi ya Tello, kila moja na namba yake. Mtarizi ana mkono wake kama mwandishi alivyo na mwandiko. Ukiweka mshono wa Göteborg kando ya mshono wenye namba, huenda ukatambua nguo mbili zilizotoka kwenye sindano moja.