Winchi haina kosa

Wakuu, najua mmeshaiona ile klipu ya bampa la gari langu kule Kayenze, ufukweni Ziwa Victoria, Mwanza. Kama hujaiona usihangaike kuitafuta, kufika jioni shemeji yako atakuwa ameshakutumia. Yule rafiki yangu niliyempa lifti, nikamnunulia na soda njiani pale Igombe, ndiye aliyeirusha, tena juu yake akaandika: "Winchi feki yaumbuka Kayenze." Nimevumilia mengi. Nimevumilia taarabu mliyoiwekea kwa chini, nimemvumilia na aliyeuliza kama bampa limeshafika Musoma. Lakini hili la kuisingizia winchi, ile mashine ya kwenye bampa inayolivuta gari kwa waya likikwama, hapana. Siku ile, kati ya vyote vilivyokuwepo pale, mimi nikiwemo, winchi ndiyo pekee iliyofanya kazi iliyoitiwa. Kama ina kosa, ni bidii iliyopitiliza.

Gari mnalijua. Hilux LN106, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za bapa kotekote. Kwa anayetaka gari la porini bila kuuza kiwanja, hili ni rahisi kulinyanyua. Inchi mbili hazihitaji maajabu: seti mpya ya springi, shokapu ndefu kidogo, mipira mirefu ya breki na yu-bolti mpya, zile zinazofunga springi kwenye ekseli. Narudia, yu-bolti mpya. Yu-bolti ikishakazwa mara ya kwanza imeshavutika; ukiirudishia italegea, springi itacheza, ekseli itahama. Kaza kwa kuvuka pembe kwa pembe, tembea kilomita 100, rudi ukaze tena. Shokapu nayo hainunuliwi kwa macho. Nyanyua chesisi mpaka ekseli ining'inie, pima hapo, maana shokapu ikiwa fupi ndiyo itakayoikamata ekseli kila ukiruka shimo, na hiyo si kazi yake. Mpira wa breki pima hivyohivyo, usukani umekatwa mpaka mwisho kulia, kisha kushoto.

Hayo yote yalifanyika, tena vizuri. Nikaweka na matairi 31 kwa 10.50 ya rimu 15 badala ya zile 205R16, na tangu hapo mita ya spidi inadanganya: ikisoma 80, uko 85. Kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui gari.

Tatizo lilikuwa bampa.

Nilitaka la chuma, la kubebea winchi. Fundi (simtaji, ana watoto) alikata plati ya milimita 6, akalikunja, akalipiga rangi nyeusi, likapendeza mpaka wapita njia wakawa wanauliza bei. Ila uzuri wa bampa la winchi hauko mbele, uko nyuma, pale linaposhikana na gari. Linatakiwa liwe na masikio ya plati nene yanayorudi nyuma na kulala ubavuni mwa reli za chesisi, kila upande bolti kadhaa za milimita 12, zenye namba ya uimara 8.8 au 10.9 kichwani. Langu lilikuwa limechomelewa kwenye vile vibati vilivyokuwa vinashika bampa la kiwandani. Vimechomelewa kwa vijiti vyembamba vya milimita 2.5, moto mdogo, juu ya rangi ya zamani. Plati nene ikichomelewa kwa moto mdogo, nje unaona mshono mzuri wa kupiga picha, ndani vyuma havijawahi hata kusalimiana.

"Bosi," akaniambia huku anafuta mikono, "hili halitoki mpaka parapanda ilie."

Haya. Parapanda ikalia Kayenze.

Tulikwenda siku za mbalamwezi. Anayejua dagaa ameshaelewa msiba wangu ulipo. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, mitumbwi inalala mchangani na wavuvi wote wako nchi kavu, hawana kazi, wanasubiri tu Mungu awaletee kitu cha kutazama. Nikafika mimi, kwenye gari lenye taa nne mbele.

Lengo lilikuwa picha moja tu, tairi la mbele ndani ya maji, ziwa nyuma. Kwa juu ule ukanda kando ya matete ulionekana mchanga mkavu. Chini ya mchanga kulikuwa na matope meusi, yale ya majani yaliyoozea humo. Tairi la kulia mbele likavunja ukoko, nikakanyaga mafuta, na mnajua kinachofuata: tairi likizunguka pale halipandi, linachimba. Kufumba na kufumbua ekseli ya nyuma imekalia matope na maji yanaingia kwenye nyayo.

"Usihofu," nikamwambia rafiki yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kina mama waliokuwa wanageuza dagaa. "Kuna winchi."

Jamani, naomba mtambue kwamba hatua zote nilizifuata. Nilitoa klachi ya winchi, nikauvuta waya mpaka kwenye mwembe, nikabakiza mizunguko ya kutosha kwenye ngoma maana ikipungua mitano waya unaweza kuchomoka. Mwembe nikauzungushia mkanda mpana, chini kabisa karibu na mizizi, sio waya wenyewe, kwa sababu waya unaukata mti ganda na mti ukikatwa ganda pande zote unakufa. Glovu nilivaa. Katikati ya waya nikatupia gunia lililolowa ili ukikatika ushuke chini badala ya kuja usoni kwa mtu. Injini nikaiacha inanguruma kwa juu kidogo, kwani winchi ikielemewa inakula zaidi ya ampea 300 na alteneta ya gari la umri huu haifikishi hata robo ya hapo. Kilichobaki kinatoka kwenye betri.

Chini ya ule mwembe alikaa mzee mmoja anashona nyavu. Akautazama mkanda, akanitazama mimi.

"Ngosha," akasema taratibu, "huu mwembe aliupanda baba yangu. Usije ukaondoka nao."

"Mzee wangu, mwembe hautikisiki. Kinachokuja ni gari."

"Haya."

Nikabonyeza.

Sasa hapa twende polepole, kwa sababu kwenye klipu panapita haraka na hakuna aliyeelewa.

Waya ulijinyoosha. Gunia likanyanyuka kutoka mchangani likawa linaning'inia. Pua ya gari ikainama kidogo, na mimi moyoni nikasema naam. Winchi ni ya pauni 9,500, kama kilo 4,300, ingawa nguvu hiyo ni ya safu ya ndani kabisa kwenye ngoma. Kila safu ya waya inayojikunja juu yake inapunguza. Gari na mizigo yake halifiki tani mbili. Lakini gari lililozama mpaka nusu ya magurudumu linataka mvuto sawa na uzito wake mzima, na likizama mpaka madigadi unazidisha mara mbili. Kwa hiyo kile kibati chembamba, na ule mshono wa kupiga picha, vilikuwa vimebeba karibu tani nne.

Kitu cha kwanza kilikuwa sauti. Tii! Ndogo tu. Nikadhani ni kokoto. Kisha nikaona rangi kwenye pembe ya kushoto ya bampa inabanduka vipande vidogo vidogo, na nyuma yake mstari mweupe wa chuma kibichi ukafunguka, upana wa kucha. Bampa likageuka kidogo. Naapa, wakuu, likageuka likanitazama.

"Linatoka! Linatoka!" rafiki yangu akapiga kelele, simu juu. Kwa pale aliposimama, kuona kitu kinasogea mbele, alidhani ni gari. Wavuvi nao wakapokea, "Linatokaaa!" Kina mama wakapiga vigelegele. Ni yule mzee peke yake aliyeacha kushona, akasema bila kupandisha sauti, "Linalotoka silo."

Upande wa kulia ukaachia. Bampa likaruka mbele hatua nzima, likatua mchangani na winchi yake, na taa zake nne, na namba ya gari. Gari halikusogea hata unene wa ukucha.

Nikaachia kitufe. Winchi ikaendelea.

Hili ndilo ninalotaka mlisikie mnaoandika "si angeachia tu". Niliachia! Ndani ya boksi la winchi kuna solenoidi, swichi nzito za umeme. Betri ikichoka umeme unashuka, ampea zinapanda, zile kontakti zinachomeleana zenyewe, na hapo kitufe unachoshika mkononi ni pambo. Nikabonyeza cha kurudisha. Hakuna. Nikabonyeza vyote viwili. Na mota ya winchi ikipunguziwa mzigo inaongeza kasi. Imetoka kuvuta tani nne, sasa inavuta bampa tupu.

Waya za betri kwa kawaida ni fupi, ilitakiwa iishie hapohapo. Lakini fundi wa umeme alinifungia waya nene za mashine ya kuchomelea, ndefu, akazikunja na kuzificha nyuma ya grili, eti siku nikitaka kuhamishia winchi nyuma nisisumbuke. Basi zikawa zinajikunjua. Bampa likaanza kupanda ufuko kama kenge aliyeshiba, linainua pua, linalala, linainua pua, taa zote nne zinawaka mchana kweupe, na mimi nyuma yake nimeshika rimoti yenye waya, nalifuata kwa sababu waya ulikuwa umeniishia. Haikuwa mbio. Ingekuwa mbio ingekuwa afadhali. Ulikuwa mwendo wa maandamano. Likapita katikati ya dagaa wa mama mmoja, likawachora mstari, mimi nikapita katika mstari uleule kwa adabu nisiharibu zaidi.

"Mayu, nisamehe," nikasema nikiwa natembea.

"Pita tu baba, umfikishe," akajibu.

Waya ukafika mwisho wake, terminali ikang'oka kwenye betri, cheche moja kubwa, kimya. Hakuna aliyecheka kwa kama sekunde mbili. Baada ya hapo sitaki kuzungumzia.

(Kabla hamjauliza: ndiyo, swichi kuu ya kukata umeme kati ya betri na winchi ni lazima, iwe mahali mkono unafika bila kufungua boneti. Na wale wa kapi, kuweka kapi mtini na kuurudisha waya kwenye gari kunapunguza mzigo wa winchi kwa nusu, ila gari lenyewe linavutwa kwa nguvu ileile. Bampa lingepona endapo ndoano ingerudi kwenye chesisi. Ukiirudisha kwenye bampa, umelifungia bampa mizigo miwili.)

Yaliyobaki ni mafupi. Mtoto wa kama miaka kumi alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele akauliza, "Anko, hiki mbona hujakizungusha? Cha baba mkubwa huwa kinazungushwa." Alikuwa ameshika loki ya haba, ile inayounganisha gurudumu la mbele na ekseli yake. Ilikuwa kwenye FREE. Zote mbili. Yaani nilivuta gia ya 4L, ile nzito ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, taa ikawaka kwenye dashibodi, propela ya mbele ikazunguka, na magurudumu ya mbele hayakuwa na habari. Rafiki yangu kipande hiki hakukirekodi, chaji iliisha, Mungu ni mwema, ila nimewaambia mwenyewe, basi.

Tukazungusha loki. Tukapunguza upepo wa matairi mpaka psi 18. Wavuvi wakachimba nyuma ya magurudumu, wakafunga kamba ya mtumbwi kwenye ndoano ya chesisi nyuma, kwa sababu gari hutokea lilikoingilia, wakavuta kwa wimbo, mimi riversi ya 4L bila kukanyaga mafuta. Likatoka kwa urahisi wa kukasirisha. Nikalipa soda, nikalipa dagaa, bampa likapakiwa nyuma. Maeneo ya uwanja wa ndege trafiki akanisimamisha kwa kukosa namba mbele. Nikamwambia namba ipo, imelala kwenye bodi pamoja na bampa. Akaenda kuangalia, akarudi, akaniuliza, "Wewe ndiye wa Kayenze?" Klipu ilikuwa imenitangulia.

Bampa jipya linakatwa wiki hii kwa fundi mwingine, masikio ya milimita 8, na kila shimo la bolti nasimamia mwenyewe. Winchi nimeifungua, nimebadilisha solenoidi, inavuta safi.

Kuna jambo moja dogo. Ekseli ikiwa na joto halafu ikazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na kama mpira wa kipumulio haujapandishwa juu inavuta maji kupitia kwenye sili. Jana nilifungua nati ya difu ya nyuma, oili ikatoka imepauka, nusu maji. Msambazaji wetu wa klipu hili bado hajalijua, naomba tulimalizie hapahapa.