Anayekesha Dunguni Anamlinda Nani?

Jiji la Dodoma limepata jina lake kwa tembo. Wagogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye tope, na watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Leo mtu anayekaa mitaa ya mjini kama Area C au Nkuhungu humwona tembo kwenye kalenda tu. Huko Chemba, kando ya pori la akiba la Swagaswaga, au Manyoni jirani na mapori ya Muhesi na Kizigo, tembo bado ni mgeni wa usiku.

Na kila uwele unapoanza kukomaa, huku mjini huja maneno yaleyale: wanavijiji wa pembeni mwa mapori wamekuwa watu wa posho. Zamani walifukuza wanyama wenyewe kwa moyo, siku hizi wanataka walipwe hata kwa kulinda mazao yao. Maneno hayo yana ukweli kidogo ndani yake, kwa hiyo sitayapuuza.

Wanaoyasema wana historia ya kuwatetea. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na tembo takriban 109,000. Kufikia 2014 walibaki takriban 43,000. Ujangili ulipobanwa, wakaanza kuongezeka tena, wakarudi kwenye njia zao za zamani. Kati ya Muhesi na Swagaswaga kuna ushoroba, yaani njia ya wanyama kutoka pori hadi pori, ambao wataalamu wanautambua kwa miaka mingi, na kila msimu jembe linausogelea. Ukimlipa mkulima kwa shamba lililoliwa humo ndani, wanauliza, utamzuiaje wa pili asifungue lake palepale? Tena tumeona miradi: vijana wanachaguliwa kuwa askari wa wanyamapori wa vijiji, wanapewa sare, buti na posho ya doria, mfadhili akiondoka, sare inabaki ikivaliwa shambani na doria inakufa. Kwa hoja hiyo, posho ndiyo iliyoua kujitolea. Mimi nadhani mara nyingi kilichoua doria ni njaa ya huyo kijana, lakini sitabisha kwamba yapo maeneo ambako posho iliharibu.

Ila turudi kwenye hiyo kazi yenyewe. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na mwaka mbaya hazifiki. Uwele au mtama ukiliwa mwezi wa nne, hakuna kupanda tena hadi mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo watu wanapanda dunguni, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba. Mchana watoto wanawinga ndege, usiku wakubwa wanapokezana na tochi na debe la kugonga. Wengine wanapaka oili chafu iliyochanganywa na pilipili kwenye vitambaa na kamba za kuzungushia shamba, wengine wanachoma kinyesi cha tembo kilichokandwa na pilipili ili moshi umuwashe pua. Wapo wanaotundika mizinga ya nyuki kwenye mstari wa uzio, maana tembo na ukubwa wake wote anamkimbia nyuki. Wakati mwingine askari wa pori huja na mabomu baridi, ya kishindo cha kumtisha mnyama tu, gari likiwepo na mafuta yakiwepo. Wasipokuja, kijiji kinajitegemea.

Sasa tazama serikali inavyomhesabu mtu huyo. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga kwamba ekari iliyoliwa hulipiwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ni ekari 5. Shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka halikupata kitu. Mtu akiuawa na mnyama, familia ilipewa shilingi 1,000,000. Malipo hayo hayakuitwa fidia. Yaliitwa kifuta jasho na kifuta machozi, na aliyechagua majina hayo alijua anachofanya, kwa sababu fidia ni haki ya kudai na kitambaa cha kufutia jasho ni hisani.

Udogo wa fedha umelalamikiwa sana na sihitaji kuongeza. Kinachonisumbua ni mahali zinapoelekezwa. Chukua kaya yenye ekari tatu za uwele, zilizo mbali na mpaka kiasi cha kustahili kiwango cha juu kabisa cha kanuni hizo za 2011. Mwenye kaya amelala, tembo wakamaliza shamba: ataandikwa, atapimwa, na baada ya muda mrefu huenda akapata shilingi 300,000. Jirani yake mwenye ekari tatu kama hizo amekesha usiku sitini mfululizo, ameumwa na mbu, amegonga debe hadi mkono ukavimba, tembo hawakuingia. Huyo anapata sifuri. Si kwamba fedha zimechelewa. Hakuna fomu inayomtambua, kwani hakuna kilichoharibika. Ukigawa zile 300,000 kwa usiku wake sitini unapata shilingi 5,000 kwa usiku, na hata hizo ni za aliyelala. Viwango vinaweza kupandishwa mara tatu, kasoro hii haitoki.

Watu wa mjini watasema alikuwa akilinda chakula chake, si tembo. Hapo ndipo wanapokosea. Wanyamapori kisheria ni mali ya umma, wamewekwa chini ya Rais kwa niaba yetu sote, na mnyama wa umma anayeingia shambani akala hutengeneza adui. Adui huyo ana silaha ya bei rahisi, sumu ya wadudu ya dukani. Februari 2018, katika ukanda wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, simba 6 walikutwa wamekufa kwa sumu, na pamoja nao tumbusi 74. Sumu ya namna hiyo kwa kawaida hulengwa kwa simba aliyekula ng'ombe, hivyo mtu anaweza kusema kisa ni tofauti na cha uwele. Lakini tafakari hao 74. Tumbusi mmoja akishuka kwenye mzoga, wenzake wanamwona kutoka mbali angani na kumfuata, ndiyo maana mzoga mmoja unaweza kuua kundi zima. Jike hutaga yai moja kwa msimu. Hasira ya usiku mmoja inafuta kazi ambayo ndege hao wataifidia kwa miaka mingi, kama watafidia. Basi mtu anayemgeuza mnyama kabla hasira haijapanda, hata kwa debe, anafanya uhifadhi kamili.

Vijiji vya pembeni mwa Ruaha vimewahi kujaribu njia nyingine. Mradi wa wanyama walao nyama wa huko uliwapa wanakijiji kamera za kutega porini. Kila mnyama aliyepigwa picha akiwa hai alikipatia kijiji alama, mbwa mwitu na simba nyingi kuliko digidigi, na alama ziligeuzwa kuwa mahitaji ya shule, zahanati na dawa za mifugo. Faida ya alama ilikwenda kwa kijiji, si mfukoni mwa mtu, na hakuna aliyesubiri ng'ombe afe ndipo alipwe.

Kwa Chemba na Manyoni, usiku wa dunguni ungeweza kuhesabiwa vivyo hivyo: zamu iandikwe kwenye daftari la serikali ya kijiji, na alama ziende kwenye tochi, mizinga na bima ya afya ya wanaokesha. Najua jibu litakalokuja, kwamba watu watasaini na kwenda kulala. Wapo watakaofanya hivyo. Lakini tembo huacha ushahidi wake mwenyewe. Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji akizunguka shamba ataona nyayo zimefika hadi ukingoni, zimesimama, kisha zimegeuka kuelekea porini.