Neno Refu, Kioo Chembamba: Mitindo ya Tovuti Inavyokisahau Kiswahili

Fungua blogu ya Kiswahili iliyovalishwa themu mpya, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari, kwenye simu yenye kioo cha upana wa pikseli 360. Juu kabisa kuna picha iliyojaza kioo chote. Juu ya picha kuna kichwa cha habari cha herufi nene za pikseli 40, na chini yake maandishi ya kijivu, membamba kama uzi. Katika onyesho la themu, kichwa hicho kilikuwa maneno manne mafupi ya Kiingereza, nacho kilikaa vizuri. Sasa weka pale "Wanaoshughulikia mirathi" uone hesabu inavyokataa. Ukiacha ukingo wa pikseli 20 kila upande, unabaki na 320. Herufi nene ya ukubwa wa 40 hula wastani wa pikseli 22 hadi 24 za upana, na "wanaoshughulikia" ina herufi 16. Hata ukizihesabia i na l wembamba wake, neno linafika karibu pikseli 345. Neno moja tu, tayari limezidi kioo.

Hapo hutokea moja kati ya mawili. Ama ukurasa mzima unaanza kuteleza kushoto na kulia kila kidole kinapogusa, ama themu inalikata neno popote: "wanaoshughul" juu, "ikia" chini, bila hata kistari. Sina ugomvi na herufi kubwa. Ninachokipinga ni kuuchukua ukubwa uliopimwa kwa lugha ya maneno mafupi na kuubandika kwenye lugha inayobeba nafsi, wakati, kirejeshi na kitenzi ndani ya neno moja. Lugha ipimwe kwanza, themu ifuate.

Dawa ya kichwa cha habari ni mstari mmoja wa CSS, lugha inayopanga sura ya ukurasa: font-size: clamp(1.625rem, 1.2rem + 2vw, 2.5rem). Maana yake, kwenye simu ya pikseli 360 kichwa kitakuwa na ukubwa wa takriban 26, na kwenye kompyuta kitakua hadi 40 kisha kisimame hapo. Kwa 26, "wanaoshughulikia" linachukua karibu pikseli 225 na kubakiza nafasi. Yale maneno marefu zaidi, yasaidie kukatika mahali sahihi. Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi hazina: silabi karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo ukikata baada ya irabu hukosei, isipokuwa kwa maneno machache ya mkopo kama "maktaba" na "daftari". Andika wanao­shughulikia. Alama hiyo haionekani mpaka neno likose nafasi, na hapo kistari kinajitokeza chenyewe. Iweke ndani ya maandishi ya ukurasa tu. Usiiweke kwenye sehemu ya jina la makala ambayo mfumo huitumia kutengeneza anwani na kichwa cha kusambazia, maana huko inaweza kuleta alama za ajabu.

Kabla ya yote hayo, angalia mistari ya kwanza ya msimbo wa ukurasa. Ukikuta lang="en" kwenye tovuti ya Kiswahili, badilisha lugha katika mipangilio ili isomeke lang="sw". Jambo hili dogo lina madhara makubwa. Programu inayowasomea wasioona kwa sauti itayatamka maneno yako kwa matamshi ya Kiingereza, na msomaji huyo hataambulia kitu. Na kama themu imewasha ukataji wa maneno wa moja kwa moja, kivinjari kitaikata "tunapozungumza" kwa kanuni za Kiingereza.

Kuna mtindo mwingine unaopendwa sana na blogu zetu, labda kwa kuwa unafanana na gazeti: kunyoosha maandishi pande zote mbili. Gazeti lina safu iliyopangwa na mhariri anayekata maneno. Simu haina. Kwa herufi za pikseli 18, mstari wa pikseli 320 unabeba herufi kama 35, yaani maneno matano hivi ya Kiswahili yenye nafasi nne katikati. Neno la herufi 12 likikosa nafasi na kushuka chini, linaacha pengo la karibu pikseli 100. Pengo hilo linagawiwa nafasi mbili au tatu zilizobaki, kila moja inaongezewa pikseli 33 hadi 50 juu ya zile nne au tano za kawaida. Mstari unakuwa na mashimo, jicho linateremka shimoni badala ya kwenda mbele. Nyoosha upande wa kushoto tu, weka kimo cha mstari (line-height) kuwa 1.6, na kwenye kompyuta usiruhusu safu ipite herufi 70.

Maandishi ya kijivu ndiyo yanayoniuma zaidi. Kijivu #999999 juu ya nyeupe kinatoa uwiano wa mwangaza, kati ya herufi na karatasi yake, wa 2.8 kwa 1, wakati kanuni za WCAG, miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazosomeka na watu wote, zinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu chepesi kuliko vyote kinachofaulu kwenye nyeupe ni #767676, na hicho kinafaulu kwa nywele tu. Halafu kumbuka mahali tunaposomea: kituo cha daladala saa saba mchana, baraza la nyumba, kibanda cha mpesa. Mwanga wa jua ukigonga kioo hurudi machoni ukiwa umeongezwa sawasawa kwenye herufi na kwenye karatasi yake, kwa hiyo tofauti baina yao hupungua kuliko ilivyopimwa ofisini. Tumia #333333 au nyeusi zaidi, na uzito wa herufi (font-weight) wa 400. Uzito wa 300 kwenye kioo cha bei nafuu hauna pikseli za kutosha kuuchora, kivinjari hufifisha kingo zake, na herufi nyeusi huonekana kijivu hata kama hukuiweka hivyo.

Ukurasa mweusi nao usishikwe kama dini. Unapunguza matumizi ya betri kwenye vioo vya OLED, ambavyo pikseli nyeusi huzimika. Kwenye LCD, zilizo kwenye simu nyingi za bei ya chini, taa ya nyuma inawaka vilevile. Mpe msomaji chaguo kupitia prefers-color-scheme, amri ya CSS inayofuata mpangilio wa simu yake, ukianzia #121212 badala ya nyeusi tupu na herufi #E0E0E0 badala ya nyeupe tupu, kwa sababu nyeupe kali juu ya nyeusi kali huonekana kama inavuja.

Kuhusu mtindo wa kuweka maandishi juu ya vibao vinavyofanana na kioo chenye ukungu, uliopata nguvu mpya baada ya Apple kutangaza sura yake mpya ya Liquid Glass Juni 2025: uache. Amri inayoleta ukungu huo, backdrop-filter, humlazimisha mchakataji wa picha kuhesabu upya ukungu kila ukurasa unaposogea, na simu yenye nguvu ndogo hukwama. Zaidi ya hapo, maandishi yaliyo juu ya kibao hicho hayana uwiano wa kudumu wa rangi: yakipita juu ya anga yanasomeka, yakipita juu ya kofia nyeupe yanapotea.

Vitufe ni rahisi kueleza. Usikipe kitufe upana maalumu. "Wasiliana nasi" ina herufi 14 pamoja na nafasi, inahitaji karibu pikseli 112 kwa ukubwa wa 16, na ukiongeza 16 kila upande inafika 144. Themu iliyowekewa 120 itaivunja mistari miwili. Toa upana, weka padding (nafasi ya ndani kuzunguka maandishi), hakikisha kimo ni pikseli 48.

Picha kubwa ya juu ina gharama ambayo msomaji anailipa kwa bando lake. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Kwa bando la megabaiti 100, makala 25 za namna hiyo zinalimaliza. Ipunguze iwe upana wa pikseli 720 kwa simu na 1200 kwa kompyuta, ihifadhi kama WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, kwa ubora wa 75, uzitaje zote mbili kwenye srcset, orodha ya saizi ndani ya msimbo wa picha, ili kivinjari kichague. Andika width na height ndani ya msimbo ili maandishi yasirukeruke picha inapoingia. Picha ya kwanza isiwe na loading="lazy", agizo la kuchelewesha kupakia picha; wengi huiweka kila mahali, kisha wanashangaa kwa nini ukurasa unachelewa kuonyesha jambo lake la kwanza.

Sasa kuna wimbi ninalolipenda: wasanifu wa huku kwetu wanarudisha nakshi za kanga na kitenge kwenye tovuti. Tatizo ni wanapozitandaza chini ya maandishi ukurasa mzima, mpaka aya inasomeka kama mtu anayesema sokoni. Itazame kanga yenyewe. Ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na jina limewekwa kwenye utepe wake, kwa herufi kubwa, kwenye uwanja mtulivu, ili lisomeke hata mvaaji akiwa anatembea. Nakshi iwe pindo la ukurasa: ukanda wa kimo cha pikseli 24 hadi 40 juu na chini, uliochorwa kama kipande kimoja cha SVG (mchoro unaoandikwa kwa msimbo) kinachojirudia, kilobaiti chache tu. Mji uachie picha. Jina la makala likae kwenye utepe wa rangi moja, na kabla ya kuichapisha, lijaribu kwa neno refu kuliko yote uliyonayo, kisha toka nalo nje juani.