Sindano Bagamoyo, leseni Oxford

Chanjo ya malaria ya R21 ilibuniwa katika Taasisi ya Jenner ya Chuo Kikuu cha Oxford. Inatengenezwa Pune na Serum Institute of India, na ndani yake mna kiambato cha kuamsha kinga kutoka kampuni ya Novavax. Watoto wapatao 4,800 walioingia katika majaribio yake makubwa walikuwa wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Huku kwetu vituo vilikuwa Kilifi na Bagamoyo. Ndipo lawama inapoanzia: Afrika imetoa watoto, wengine wamebaki na leseni.

Lawama hiyo ina ukweli, ila wanaoutetea ubia wa aina hii, wa chuo na kampuni, wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Chuo hakina kiwanda kikubwa, wala hakina fedha za kugharimia peke yake majaribio ya nchi nne. Oxford ilimchagua mtengenezaji wa India mwenye uwezo wa dozi milioni 100 kwa mwaka, kwa bei isiyofika dola 4. Chanjo nyingine ya malaria, RTS,S ya kampuni ya GSK, iliyotangulia kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilikuwa ghali zaidi, na nchi 12 ziligawana dozi milioni 18 tu kwa 2023 hadi 2025. R21 ilipendekezwa Oktoba 2023, na Julai 2024 watoto wa Ivory Coast wakaanza kuchanjwa. Mama anayekesha na mtoto mwenye homa haulizi hataza, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, iko kwa nani.

Isitoshe, si kweli kwamba tuliambulia patupu. Oxford, mfuko wa Wellcome wa Uingereza na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako pamoja Kilifi tangu 1989, na hapo pamekua watafiti wanaoweza kumwambia mwenye kampuni jambo asilopenda kulisikia. Ally Olotu, aliyesimamia majaribio ya R21 Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, ndiye mwandishi wa kwanza wa utafiti wa Kilifi wa 2016 ulioonyesha kuwa kinga ya RTS,S ilififia sana ndani ya miaka saba.

Sasa tazama upande wa pili, ambao kwangu jina lake ni Uviko. Mapema 2020 Oxford ilitangaza kwamba ingependelea leseni zilizo wazi kwa wengi, bila mrabaha. Muda si mrefu ikaipa kampuni ya AstraZeneca haki za kipekee za chanjo yake ya Uviko. Kampuni iliahidi kutotafuta faida wakati wa janga, na bei kwa jumla ilikuwa nafuu. Hata hivyo Afrika Kusini, ambako chanjo hiyo ilianza kujaribiwa Juni 2020, ilitozwa dola 5.25 kwa dozi, zaidi ya maradufu ya bei ya Umoja wa Ulaya. Maelezo yalikuwa kwamba Ulaya ilichangia gharama za utafiti. Kana kwamba mikono iliyochomwa sindano Johannesburg haikuwa mchango!

Kenya nayo, baada ya majaribio ya Kilifi, ilipokea shehena ya kwanza, iliyotengenezwa India, Machi 2021. Mwezi huohuo India ikabana usafirishaji nje kwa sababu watu wake walikuwa wanaugua, na waliokwisha kupata dozi ya kwanza wakangoja. Mwezi uliofuata Vaccitech, kampuni iliyochipuka Oxford mwaka 2016 na iliyoanzishwa na wabunifu wa chanjo hiyo, iliingia soko la hisa la Nasdaq.

Kwa hiyo sidhani tunapaswa kupigania hataza. Hataza bila kiwanda ni karatasi. Cha kupigania ni vifungu: mgao wa dozi uliohakikishwa kwa nchi zilizojaribu, ruhusa ya kuhamishia utengenezaji Afrika, na sehemu ya mrabaha kurudi kwenye maabara za hapa. Wawekezaji watasema masharti yakizidi wataondoka, na kwa malaria, ugonjwa usio na wateja matajiri, hilo si tishio tupu. Ndiyo maana ningeanza na mgao wa dozi, usiomgharimu mwekezaji sana, na mrabaha ungesubiri. Lakini vifungu hivyo hupatikana kabla mtoto wa kwanza hajachomwa sindano; baada ya hapo hatuna cha kushikilia. Na kamati za maadili zinazoidhinisha majaribio kazi yake ni kumlinda mshiriki, si kupitia mkataba wa leseni.

Oxford tayari ina chanjo nyingine ya malaria, RH5, inayolenga vimelea vikiwa kwenye damu, na Bagamoyo imeshashiriki kuijaribu. Bado haijafika sokoni. Wizara zetu na taasisi hizi zingeuomba mkataba wake sasa, zikausome.