Kikomo cha makato ya kujitoa kwenye pensheni za zamani kiwe cha wote

Jumapili iliyopita dada mmoja wa jumuiya yetu hapa Leicester alinijia na bahasha. "Kaka, hebu nisomee, naona kama wamekosea hesabu." Ilikuwa barua ya pensheni binafsi aliyoifungua mwaka 1996, akiwa bado mgeni Uingereza. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari miwili: thamani ya mfuko, pauni 18,400, chini yake, thamani akihamisha, pauni 16,560. Hesabu haikukosewa. Pauni 1,840 ni makato ya kujitoa kabla ya kufika miaka 65 iliyoandikwa kwenye mkataba.

Miaka ya 80 na 90 mawakala waliuza pensheni hizi majumbani, na kamisheni yao mara nyingi ililipwa mwanzoni kabisa. Kampuni ikajirudishia gharama hiyo pole pole kutoka kwenye hela ya mteja. Akiondoka mapema, kilichobaki anakatwa kwa mkupuo. Kwa mkataba wa miaka mitatu, naelewa. Kwa mkataba wa karibu miaka 30, sikubali kwamba kamisheni ya yule wakala bado haijarudi.

Serikali ililiona tatizo hili. Aprili 2015 wenye miaka 55 na kuendelea waliporuhusiwa kuchukua pensheni zao wapendavyo, wengi walikuta makato yanawasubiri. Ndipo kuanzia 31 Machi 2017 FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, ikaweka kikomo cha asilimia 1 kwa mikataba ya zamani, na kwa mikataba mipya ikayapiga marufuku kabisa. Kwa dada yetu ingekuwa pauni 184.

Ila kikomo hicho kinamlinda tu aliyekwisha kufika umri wa kuchukua pensheni. Yeye ana miaka 52. Wala hataki kuzitoa hela. Anataka kuzihamishia kwenye mfuko wa kazini kwake, ambao ada yake ni ndogo. Na umri wenyewe unapanda hadi 57 kuanzia 6 Aprili 2028, miezi michache kabla hajatimiza 55. Basi asubiri hadi 2030, huku ada kubwa ya kila mwaka ikizidi kuutafuna mfuko wake.

Hili linaniuma. Mwenye miaka 52 ndiye hela yake ina muda zaidi wa kukua, na ndiye aliyefungiwa. Kikomo kihusu kila mkataba wa zamani, mwenyewe awe na umri wowote.

Tuliandika barua palepale mezani. Tumeuliza makato yanapungua kiasi gani kila mwaka, na kama mkataba una kiwango cha uhakika cha malipo ya uzeeni, kwa kuwa baadhi ya mikataba ya zamani inacho, na ukihama unakipoteza. Dada akasoma mara mbili, akatia sahihi.