Forex si Mirerani

Arusha tumekulia kwenye hadithi za zali. Kila mtaa una jamaa aliyeingia Mirerani na ndala akatoka na gari, na mwaka 2020 nchi nzima ilimwona Saniniu Laizer akiiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.7. Sina ugomvi na zali la mtu. Ila machalii wengi wa hapa mjini wameingia kwenye forex, biashara ya kununua na kuuza sarafu mtandaoni, na akili hiyo hiyo ya mgodini, na ndiyo inayowaunguzia akaunti.

Mchimbaji husubiri jiwe moja litakalolipa miaka yote ya shimoni. Mwenzake wa forex huweka nusu ya mtaji kwenye oda moja ya dhahabu. Ikimgeuka, anaongeza loti, yaani ukubwa wa oda, ili arudishe. Hesabu zinamkataa: ukipoteza asilimia 10 ya mtaji unahitaji faida ya kama asilimia 11 kurudi ulipokuwa, lakini ukipoteza 50 unahitaji 100. Nick Leeson wa benki ya Barings, pale Singapore, alifanya hivyo kwa hela za mwajiri. Hasara aliificha kwenye akaunti namba 88888 huku akizidisha dau. Februari 1995 benki iliyoanzishwa 1762 ikaanguka kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 800. Na soko alikuwa analijua vizuri tu.

Kwa hiyo kozi nyingine ya kusoma chati za bei hainishawishi. Wala siamini nidhamu ya kujikaza. Hiyo huisha saa tano usiku, simu ikiwa mkononi na salio la M-Pesa lipo. Nidhamu inayodumu hupangwa Jumamosi, soko likiwa limefungwa. Mtaji wa laki tano, kila oda ihatarishe asilimia 1: ikikataa, umepoteza elfu tano, unalala. Hela ya biashara ikae benki, kwenye akaunti isiyounganishwa na simu. Hasara mbili kwa siku, zima kompyuta. Na sababu ya kuingia iandikwe daftarini kabla ya kubonyeza, maana ukiandika baadaye utajitetea tu.

Kukesha nako sikuelewi. Soko la London kwa saa zetu linafungua saa nne asubuhi, au saa tano wakati wa baridi yao. Takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, zinatukuta saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu. Anayekodolea yen, sarafu ya Japani, usiku wa manane mara nyingi hana hata mpango wa yen.

Utaniuliza, kwa asilimia 1 nitatajirika lini? Pengine hutatajirika. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko wa Ulaya, ESMA, walieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo kwenye biashara za aina hii hupata hasara, wakapunguza mkopo wa dalali, ili oda isizidi mara 30 ya hela unayoiwekea kwa sarafu kubwa. Sisi tunapewa mara 500 kama zawadi ya kujiunga, na tunashukuru! Ndiyo maana wadogo zangu wanaotaka kuacha kuongoza watalii ili washinde kwenye chati huwa nawakatalia, hasa Julai ikiwa imekaribia na magari ya safari yanatafuta madereva.